Mzee Mshana wa Miaka Minne

Mzee Eliamani Mshana hakwenda Uvelso kutafuta maajabu. Alikwenda kumwoza binti yake Nakijwa, basi. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu kutoka Usangi, milimani Upare, mtu wa suti ya kaki na kalamu mbili mfukoni, na maisha yake yote aliamini jambo moja bila kuyumba: mtoto asiyeamkia wakubwa hawezi kufaulu hisabati. Kwao, vijana wakimwona kwa mbali walizima redio. Wengine walikatiza migombani, si kwa kukosa adabu, bali kwa sababu ukimpa shikamoo moja alikuuliza habari za ukoo mzima.

Uvelso ni nchi ndogo ya Ulaya, imebanwa kati ya milima miwili kama punje ya wali kwenye pengo la meno. Ina mji mmoja, mto mmoja, reli inayoanzia na kuishia humo humo, na kasino. Wavelso hawalimi wala hawachimbi kitu. Wanajifunza lugha za dunia nzima, Kiswahili kikiwemo, maana wana msemo wao kwamba mgeni asiyeeleweka hapotezi vizuri kwenye kamari.

Langoni mwa nchi Mzee alivikwa shingoni kibati cha shaba chenye namba sitini na tisa.

"Huo ni umri wako, baba. Usikivue," alisema Nakijwa. Alikuwa muuguzi katika hospitali ya mji ule, na alishazoea mambo ya Wavelso kiasi cha kutoyashangaa tena. Pembeni yake alisimama mchumba wake, Bertolo, mwoka mikate mpole mwenye unga kwenye nyusi, ambaye alimpenda Nakijwa sana na kumwogopa baba mkwe sana zaidi.

Kesho yake walikwenda kwa Msajili wa Ndoa. Ofisini walimkuta kijana mwembamba, blanketi limefunika magoti, mkongojo umeegeshwa mezani, na kibati kifuani kimeandikwa tisini na moja. Ndiye Msajili mwenyewe, jina lake Fendrik. Fendrik akamtazama Mzee Mshana, akangoja. Mzee Mshana naye akamtazama, akangoja. Nzi akatua mezani, akaona hapana mazungumzo, akaondoka.

"Baba," Nakijwa akanong'ona, "wewe ndiye unayetakiwa kuanza."

"Kuanza nini?"

"Kumwamkia. Unasema, 'Nakukunjia mgongo.' Ndiyo shikamoo yao."

"Nimwamkie huyu? Huyu ana chunusi!"

"Chunusi si ushahidi, kijana," alisema Fendrik, akikohoa taratibu. "Katika nchi hii uso hauapishwi. Ndiyo maana tumepiga marufuku vioo. Kioo kilikuwa kinapingana na nyaraka za serikali kila asubuhi."

Akamweleza, kwa upole wa mtu mzima anayemwelimisha mtoto, kwamba katika Uvelso miaka ni mali. Mtu huzaliwa na hupewa mwaka mmoja kila mwaka kama kawaida, lakini akishafika utu uzima anaweza kuipeleka kasinoni na kuichezea kamari kwenye gurudumu. Aliyeshinda huwa mkubwa. Aliyeshindwa huwa mdogo.

"Zamani," alisema, "heshima ilikuwa inamwendea mtu kwa sababu tu hajafa. Tukaona huo ni uvivu. Siku hizi lazima uitolee jasho."

"Jasho gani, na ni gurudumu linazunguka lenyewe?"

"Umewahi kulitazama likizunguka?"

Mzee alikumbuka kilichomleta. Akauliza siku ya harusi baba wa bibi harusi anasimama wakati gani kutoa nasaha, maana nasaha zake alikuwa amezitunga tangu masika, na ng'ombe wake wawili walishazisikia mara nyingi bila kupinga.

"Nasaha hutolewa na mwenye umri mkubwa kuliko wote ukumbini," alisema Fendrik. "Kwa niaba ya pande zote mbili. Yaani mimi. Wewe utapewa kiti chenye egemeo."

Walipotoka nje, Mzee alikuwa anapumua kama treni ya mkaa.

"Kasino iko wapi?"

"Baba, twende nyumbani. Bertolo ameoka mkate wa zabibu."

"Sikuvuka bahari kwa ajili ya mkate, Nakijwa. Kasino iko wapi?"

Kasino ya Uvelso hufunguliwa asubuhi, kama ofisi nyingine yoyote, na watu huingia wakiwa wamechana nywele. Ndani ni kimya kama maktaba. Mazulia yanameza viatu. Mzee aliona vijana waliojifunika mablanketi wakikohoa kwa zamu, na wazee wa kweli, mvi zimesimama, wamevaa kaptula na soksi ndefu kwa kuwa ndivyo umri wao wa kisheria ulivyowaruhusu. Katikati palikuwa na gurudumu jekundu, na mama mmoja mwenye glavu nyeupe akilizungusha na kuurusha ndani mpira mdogo. Watu hawakuweka fedha. Waliweka vidonge vya mfupa, kila kidonge mwaka mmoja wa maisha, na kila mzunguko mama yule alichukua kimoja na kukidondosha kwenye tundu la shaba.

"Hicho kinakwenda wapi?" aliuliza Mzee.

"Kwa Taifa," alijibu mama yule, akainamisha kichwa kidogo kama mtu aliyetaja marehemu.

Nakijwa akamweleza pembeni. Uvelso ilianzishwa juzijuzi tu na ndugu wawili waliogombea malisho. Lakini kwa ushuru ule wa miaka, taifa sasa lilikuwa limekwisha kuzidi umri wa piramidi, na watoto shuleni walifundishwa kwamba Uvelso ilikuwapo kabla moto haujagunduliwa. Mabalozi wa nchi kubwa walipofika, iliwabidi waikunjie mgongo.

Mzee akabadilisha miaka yake kumi kwa vidonge kumi. Akacheza kwa hasira, na hasira siku ile ilikuwa na bahati. Mpira ukatua alipotaka, ukatua tena, ukatua tena. Mchana ulipofika kibati chake kilisoma tisini na saba.

Papo hapo stuli yake ikaondolewa, akaletewa kiti cha mikono. Akaletewa chai. Mwanamke mmoja mwenye mvi nzuri akamkunjia mgongo mpaka mifupa ikalia. Mzee akaonja chai, akasema, "Ina moto." Vijana wawili wakatikisa vichwa kwa uchungu wa kuelewa, na wa tatu akamnong'oneza jirani yake, "Umesikia? Ina moto!" Mzee akajiegemeza. Alikuwa ameheshimiwa maisha yake yote, lakini kwao heshima ilikuja na kazi ndani yake: kuamua kesi za mipaka, kuchangia misiba, kuandikia watu barua za kuomba kazi. Hii ilikuja mikono mitupu. Ilikuwa tamu kama miwa ya kuiba.

"Baba," alisema Nakijwa, "umeshampita Fendrik. Utatoa nasaha zako. Inuka twende."

Hapo ndipo angeinuka. Lakini Mzee Mshana alikuwa amesahihisha mitihani muda mrefu mno.

"Tisini na saba, mama. Mwalimu gani anaacha tisini na saba wakati mia ipo?"

Akaweka vidonge vitano kutafuta vitatu. Vikaenda. Akaweka kumi kutafuta vile vitano. Vikaenda. Chai ikaondolewa. Akaweka ishirini, na kiti cha mikono kikavutwa kutoka chini yake, stuli ikarudi. Yule mwanamke mwenye mvi akapita bila kumwona. Wale vijana wa "ina moto" walikuwa wameshahamia kwa mtu mwingine aliyesema dirisha lina baridi. Nakijwa alimshika mkono wa koti, akamsihi kwa Kipare, akamsihi kwa Kiswahili, akasema atampigia simu shangazi. Mzee hakusikia. Alikuwa anaona mia tu, imesimama mbele yake kwa wino mwekundu.

Mama wa glavu ndiye aliyemzuia hatimaye.

"Basi, mwanangu," alisema. "Umebaki na minne. Katiba hairuhusu chini ya hapo. Tuliwahi kuruhusu, tukalazimika kumnunulia nepi waziri wa ulinzi."

Akamvua kibati cha zamani, akamvika kipya chenye namba nne na picha ya bata. Polisi mmoja akaja, akamshika mkono kwa upole, akamvusha barabara, kwa kuwa mtoto wa umri ule haruhusiwi kuvuka peke yake. Goti la kushoto la Mzee, ambalo halikujua sheria za Uvelso, liliuma vile vile kama jana.

Akapelekwa shule ya chekechea. Humo viti vilikuwa vidogo na wanafunzi wakubwa. Walikuwepo wastaafu wa kila namna, wamezunguka meza ya duara, wakipaka rangi vipepeo. Bibi kizee mwenye mikunjo kama ramani ya mito akamsogezea kiti. Jina lake Bi Ortanza. Zamani alikuwa jaji. Kibati chake kilisema tano.

"Karibu, mdogo wangu," alisema. "Biskuti ziko kabati la chini. Usihuzunike. Hapa hakuna anayekuomba ushauri, hakuna anayekuomba ada. Mimi nimelala usingizi mzuri tangu nilipopoteza."

"Huna watoto?"

"Ninaye mjukuu," alisema Bi Ortanza, akachagua rangi ya bluu, akaipaka muda mrefu bawa moja. "Haji. Si kosa lake. Sheria inasema mtu wa miaka mitano hawezi kuwa na mjukuu. Kwa hiyo akija hapa atakuwa anamtembelea nani?"

Kisha, kama mtu anayefunga dirisha, akabadili mazungumzo. Akamweleza kuhusu Sheria ya Malezi, ambayo aliwahi kuiandika yeye mwenyewe alipokuwa mtu mzima. Mtoto akiuliza "kwa nini," mkubwa lazima ajibu, na aendelee kujibu mpaka mtoto aridhike. Mkubwa akishindwa, lazima ampe mtoto kitu kimoja anachokitaka.

"Kitu chochote?" aliuliza Mzee.

"Kimoja."

"Na nyinyi mnaitumia?"

"Kila siku. Kupata biskuti."

Jioni Nakijwa alikuja kumchukua. Alisaini kama mlezi. Walipofika kwenye daraja la mto akasimama, akashika ukuta wa daraja.

"Wamekataa ndoa," alisema.

"Kwa nini?"

"Mtu wa miaka minne hawezi kuwa na binti wa miaka ishirini na tisa. Fendrik amefuta jina lako. Pale palipoandikwa 'baba' wameweka kistari. Sasa wanasema mtu asiye na asili hawezi kuolewa. Baraza la Wazee litakaa kesho kujadili kama mimi nipo." Akajaribu kucheka, kicheko kikakatika. "Miaka mingi nimewapiga sindano, baba. Leo wananijadili kama nipo."

Mzee akatazama maji. Alikumbuka alivyombeba mgongoni akiwa na surua, akiteremka mteremko wa Usangi kwenye matope, mtoto akimpumulia shingoni moto kama jiko. Safari ile yote sasa ilikuwa kistari.

"Nisamehe, mama," alisema. "Nilitaka mia."

"Ninajua ulitaka mia. Darasa la saba nilikuletea tisini na nane, ukaniuliza mbili nimempa nani."

Wakasimama pale, mmoja hana baba na mwingine hana binti, mpaka Bertolo alipokuja na mkate chini ya kwapa, akawakatia vipande wakala bila siagi.

Baraza la Wazee la Uvelso hukutana katika ukumbi wenye viti vya kulalia. Wajumbe wote walikuwa vijana wa rika la Fendrik, na Fendrik ndiye mwenyekiti. Wachekechea waliruhusiwa kuhudhuria kwa ajili ya elimu ya uraia, wakaketishwa sakafuni. Mjadala ulikuwa wa kina. Mjumbe mmoja mwenye miaka themanini na nane na sauti isiyokomaa bado alisema Nakijwa yupo, ila hana chanzo, kama kuvu ya ukutani, na kuvu haijawahi kuolewa. Mwingine akapinga. Alisema Nakijwa hajazaliwa, na kwa kuwa hajazaliwa, sindano zote alizowahi kupiga ni batili na wagonjwa waliopona warudi hospitali. Wa tatu akaleta maelewano: Bertolo afunge ndoa sasa, naye bibi harusi azaliwe baadaye.

Wakapiga makofi mafupi, ya kizee. Ndipo mkono ukanyooshwa kutoka sakafuni.

"Kwa nini mimi si baba yake?" aliuliza Mzee Mshana.

Fendrik akatabasamu. "Kwa sababu una miaka minne, mtoto."

"Kwa nini nina miaka minne?"

"Kwa sababu uliipoteza mingine kasinoni."

"Kwa nini miaka inapotezwa kasinoni?"

"Kwa sababu ni mali."

"Kwa nini ni mali?"

Tabasamu la Fendrik likapungua. Alimtazama karani wa Baraza, na karani akatikisa kichwa: sheria ilikuwa wazi.

"Kwa sababu watu waliitamani."

"Kwa nini waliitamani?"

"Kwa ajili ya heshima. Mwenye miaka mingi ndiye anayesikilizwa."

"Kwa nini mlitaka kusikilizwa?"

Wajumbe walianza kujigeuza vitini. Wengine waliacha kukohoa. Mmoja akajaribu kujibu kwamba ni kwa maslahi ya taifa, na Mzee akauliza kwa nini, na yule akaketi. Wakapokezana. Wakajibu kwa historia, kwa uchumi, kwa methali. Kila jibu Mzee alilipokea kwa adabu, akaliinamia kidogo, akaliuliza swali lile lile. Saa ya chakula ikapita. Harufu ya supu ikaingia, ikakaa, ikapoa. Mwishowe alibaki Fendrik peke yake amesimama, na blanketi lilikuwa limeanguka miguuni.

"Kwa sababu tulipokuwa vijana," alisema, na sauti yake ilikuwa imepanda kidogo, "tulikuwa tukifungua mdomo tunaambiwa tunyamaze."

"Na nani?"

"Na wazee."

Huko sakafuni Bi Ortanza aliacha kutafuna biskuti.

"Na mlipokuwa wazee," aliuliza Mzee, "kwa nini hamkuwaacha wengine waseme?"

"Kwa sababu ilikuwa zamu yetu!"

"Kwa nini..."

"Sijui!" alisema Fendrik. "Sijui. Nina miaka... mimi sijui."

Mzee Mshana alikuwa amefundisha muda mrefu. Aliijua sauti ya mtoto anayekaribia kulia. Akamwacha kijana ameze mate, kisha akasema kwa upole, "Sijaridhika."

Karani akafungua sheria, akasoma: mtoto apewe kitu kimoja anachokitaka.

Ukumbi mzima ukamwelekea. Bi Ortanza akamvuta suruali. "Omba miaka yako," alinong'ona. "Omba na ya Fendrik. Omba mia tano! Hazina imejaa."

Mia tano. Mzee aliiona namba ile, nene, ya wino mwekundu, na kwa kitambo kifupi mdomo wake ulijaa mate. Kisha akamtazama Nakijwa, aliyesimama ukutani akiwa na koti lake la kazi, hajazaliwa.

"Nataka kile kistari kifutwe," alisema.

Wajumbe walifurahi mno kuona bei ni ndogo. Wakapitisha bila kupingwa, na karani akaandika kwa mwandiko mzuri: *Baba: Eliamani Mshana, miaka minne.* Nakijwa akayasoma maandishi yale, akayasoma tena. Akamtazama baba yake, akaelewa miaka aliyoikataa kwa ajili yake. Akamtengeneza kola ya koti, ingawa ilikuwa imekaa sawa.

Harusi ilifungwa Jumamosi. Fendrik alitoa nasaha, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote. Alisimama na mkongojo wake, akasema ndoa inahitaji subira, akasema pia inahitaji uvumilivu, akafikiri, akaongeza subira, akaketi. Watu walitikisa vichwa kwa uchungu wa kuelewa. Mzee alikuwa meza ya watoto na Bi Ortanza, wanakula keki kwa mikono. Karibu na mlango alikuwa amesimama kijana mmoja mwenye pua ya Bi Ortanza, kofia mkononi, hajui aingie au atoke. Bi Ortanza alimwona. Alisogeza kiti kimoja kidogo kwa mguu, akaendelea na keki yake. Baada ya muda kijana akaja akaketi.

Nakijwa alimwacha Bertolo kwenye meza kuu, akaja na gauni lake lote, akajikunja kwenye stuli kando ya baba yake.

"Haya," alisema. "Niambie ulichokuwa umeandaa."

Mzee akamsogelea sikioni, akamwambia. Zilikuwa nasaha ndefu, za tangu masika. Waliokuwa karibu walisema bibi harusi alicheka mara mbili, na mara moja alijifuta macho kwa kona ya kitambaa cha meza.

Kisha akodiani ikaanza. Bertolo akamchukua mkewe, wakacheza vibaya na kwa furaha. Ukumbi wote ukainuka isipokuwa wazee, maana sheria ya Uvelso inamkataza mtu wa zaidi ya miaka themanini kucheza muziki, asije akajiaibisha, ila tu kama amevutwa na mtoto.

Fendrik alikuwa ameketi peke yake. Hakuna aliyemsogelea, mtu wa miaka tisini na moja haendewi bila sababu. Mguu wake mmoja, chini ya blanketi, ulikuwa unagonga sakafu. Aliwatazama wasichana waliokuwa wanazunguka, akatazama mkongojo, akatazama tena wasichana. Baadaye akainuka, akapita taratibu karibu na meza ya watoto kana kwamba anatafuta maji.

"Mtoto," alimwambia Mzee Mshana, macho yakiwa kwenye jagi. "Wewe hupendi kucheza?"

"Goti langu bovu," alisema Mzee.

"Aa," alisema Fendrik. "Pole." Hakuondoka.

Mzee alimtazama. Aliziona chunusi tatu kwenye kidevu, na tai iliyofungwa na mtu asiye na kioo. Akaweka keki chini, akapangusa vidole, akainuka kwa awamu, kwanza mguu mzima, kisha ule mwingine. Akamshika Fendrik mkono.

"Twende, babu," alisema kwa sauti ili kila mtu asikie. "Nataka kucheza. Twende, twende, twende!"

"Mnaona wenyewe," Fendrik aliwaambia wajumbe wa Baraza, huku akiburutwa, "mtoto ananivuta."

Mkongojo ukaanguka chini ya meza. Fendrik akakohoa kidogo, kwa ajili ya sheria, kisha akaruka.